Pisti Saba, Pale Inapokatika

Kwenye barabara ya msituni, tangu Mubi mpaka kule pikipiki zinakogeuzia, wimbo ule unaitwa Pisti Saba. Ukimwambia mtu kwamba hilo si jina lake, atakutazama kana kwamba umekuja kumfundisha mzazi jina la mtoto wake. Mimi nimegombana na watu kwa ajili ya jina hilo. Niligombana hata na mwenye pikipiki nikiwa nimekaa nyuma yake, njia ikiwa matope matupu, jambo ambalo mtu mwenye akili timamu halifanyi. Jina lake la kweli ni Samaki Mia na Hamsini na Tatu. Ulitungwa kanisani kwetu, vilimani Masisi, na anayeimba sauti ya kwanza mle ndani ni yaya wangu. Kwetu yaya ni ndugu aliyekutangulia kuzaliwa. Wangu alikuwa mtoto wa kwanza wa mama yangu, mimi nikamfuata.

Aliyeongoza korali yetu, dirijan kama tulivyomwita, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na penzi lake lilikuwa hesabu. Wimbo usio na namba kwenye jina hakuutunga. Tulikuwa na Mitungi Sita na Kata Moja. Tulikuwa na Ngazi ya Vipandio Arobaini, ndiyo ile ya Yakobo, ingawa Biblia haisemi popote kwamba ilikuwa na vipandio arobaini. Tulipomwuliza amevipata wapi, alijibu kwamba hakuna mtu anayekubali kupanda kitu kirefu bila kujua amebakiza vingapi. Basi tukaimba arobaini.

Wimbo wa samaki aliuleta wakati wa Pasaka. Ni ile habari ya mwisho katika Yohana: wanafunzi wamevua usiku kucha bila kupata kitu, asubuhi mtu anasimama ufukweni na kuwaambia watupe wavu upande wa kuume, wavu unajaa. Wanafika nchi kavu wanakuta moto wa makaa, na samaki juu yake, na mkate, na yule mtu anawaambia njoni mle. Ni Bwana, aliyekuwa amekufa. Yaya alipoisikia aliinua mkono kama yuko darasani. "Mwalimu, mufu amerudi, anawapikia chakula, na wao wanakaa chini kuhesabu samaki? Nani alihesabu?"

"Pengine kati yao kulikuwa mufanyabiashara wa Butembo," dirijan akamjibu. Korali nzima tukacheka, kwa sababu wenye maduka kwetu wote walitoka Butembo na Beni, na walijua kuhesabu.

Nyinyi mliokulia mijini mnaimba na karatasi, kila mtu anaona sauti zote. Sisi tulijifunza kwa kutenganishwa. Sauti ya kwanza walikaa pale lilipotundikwa gurudumu la lori tulilolipiga badala ya kengele. Sisi wa pili tulikaa kando ya shamba la maharage, wanaume wa tatu na wa nne nyuma ya kanisa. Dirijan alizunguka kundi kwa kundi, akiimba mstari wake na kundi likimrudishia mpaka ushike. Ilikuwa marufuku kujaribu sauti isiyo yako. Alisema ukishika mbili zitapigana shingoni, na siku ya ibada hutajua utoe ipi. Tulimwamini. Hadi leo kuna watu wazima, wenye wajukuu, wanaojua nyimbo ishirini za korali ile na katika kila moja wanajua robo yake tu.

Ya kwanza niliisikia, lakini, tena sana. Yaya aliimba nyumbani. Aliimba akiosha maharage, akitwanga sombe, yale majani ya mihogo, akinichana nywele na kunivuta kichwa kila alipofika mahali pa juu. Beti ya tatu ndiyo iliyokuwa yake hasa, ile ya moto na samaki. Pale wote tulishuka, tukakaa kwenye noti moja tukisema "asubuhi, asubuhi," na yeye peke yake juu yetu: Njoni, njoni mle, kumekucha. Niliisikia mpaka ningeweza kuichora. Ila haikuwahi kupita kinywani mwangu hata mara moja.

Jumapili moja alikuja mtu kutoka upande wa ziwa na radio kubwa ya kushika sauti. Alikuwa akizunguka makanisani kukusanya nyimbo, alisema atazitolea kanda. Tulimwimbia baada ya ibada, wimbo baada ya wimbo, naye ameinama juu ya radio kama mtu anayekamua ng'ombe. Wa samaki ulikuwa wa saba. Tulimaliza beti ya pili, tukashuka, yaya akavuta pumzi aanze ya tatu, na radio ikasema tak. Kanda imeisha.

Yaya alibaki kinywa wazi. Tulicheka, naye alicheka kuliko sisi. Yule mtu akafunga radio yake na kusema si neno, atarudi na kanda nyingine achukue mwisho. Akaagwa kwa kikapu cha viazi.

Hakurudi. Vita vilifika kabla yake.

Wakati huo yaya alikuwa ameshaolewa chini, karibu na Bweremana, kwa watu wa ziwa. Alikuwa ananitumia salamu na wachuuzi: mwambieni mdogo wangu huku samaki wanahesabiwa kweli, nimewaona. Risasi zilipoanza vilimani, sisi tulikimbia njia iliyokuwa wazi, na iliyokuwa wazi ilikuwa ya msituni, upande wa Walikale. Yeye alikuwa ng'ambo ya vita, sisi huku. Baba alikuwa ameshafariki miaka mingi, kwa hiyo tulikuwa wawili, mimi na Mama, na sufuria, na blanketi. Tulitembea kijiji hadi kijiji, tukilimia watu ili tule, mpaka tukafika Mubi, tukachoka kukimbia, tukabaki.

Habari ya yaya ililetwa na mwenye lori la sambaza, wale samaki wadogo waliokaushwa. Alikuwa akitokea ziwani. Alimwita Mama pembeni, akamkalisha juu ya gunia, akamwambia kwamba binti yake alishikwa na homa, akapelekwa hospitali ya Kirotshe, na hakutoka. Wakwe walimzika vizuri, alisema. Mama aliuliza mara mbili kama walimwimbia. Yule mtu hakujua. Tulilia pale pale juu ya gunia lake, na yeye, maskini, alisubiri mpaka tumalize ndipo akashusha mzigo.

Sikuona kaburi. Sikuona hata nguo. Nilichobaki nacho cha yaya kilikuwa sauti, na hiyo nilikuwa nayo kichwani tu.

Mubi ni mji wa njia. Malori, pikipiki, watu wanaoingia migodini na watu wanaotoka, na kila mmoja anahitaji sabuni, chumvi, buti, tochi. Nilipata kazi ya kuuza katika duka la Papa mmoja wa Butembo, maana huku kila mwanamume mzima ni Papa, Mkatoliki wa misa ya kila asubuhi, mtu mwema aliyejifanya mkali. Nilipomsimulia neno la dirijan kuhusu nani alihesabu samaki, aliniambia, "Na hao wengine, kama si sisi, wangejuaje kama kuna mwenye kuiba?" Tulielewana tangu siku ile. Mama alipokuwa na nguvu alilima. Nguvu zilipopungua alikuja kukaa nami dukani, kwenye kiti nyuma ya magunia ya chumvi.

Jirani yetu alikuwa Papa wa nyimbo. Alikuwa na kompyuta moja na jenereta moja, na kazi yake ilikuwa kuwawekea watu nyimbo katika zile kadi ndogo za simu. Kompyuta yake haikujua majina. Nyimbo nyingi zilifika kwake kwenye sahani za CD zilizonakiliwa kutoka sahani nyingine, na mashine ikaziandika kwa Kifaransa chake yenyewe: Piste 01, Piste 02. Basi na watu waliziita hivyo. Mtu alitoka mgodini, ana matope mpaka magotini, anasimama pale: "Uniwekee Pisti Tatu, na ile Pisti Kumi na Moja ya kulia." Kulikuwa na arusi ambako bibi arusi aliingia kwa Pisti Tano. Niliwacheka sana. Niliwaona ni watu wasio na adabu, wanaoita nyimbo kwa namba kama wafungwa.

Siku niliyoacha kuwacheka nilikuwa napima chumvi. Spika ya jirani iliwashwa, korali ikaanza, na mkono wangu ukasimama kabla sijajua kwa nini. Halafu sauti ya kwanza ikapanda. Nilimwacha mteja na chumvi yake kwenye mizani, nikatoka.

"Papa, hii wimbo iko ya nani?"

"Njo Pisti Saba, Mama." Huku njo ni ndiyo.

"Nauliza iko ya nani."

"Sijue. Ilikuya na zingine. Watu banaipenda."

Nilisimama mbele ya ile spika hadi pale. Tulishuka, tukanyamaza, yaya akavuta pumzi, tak. Na ukaanza wimbo mwingine, magitaa. Nikamwambia arudishe. Alirudisha. Nikamwambia tena. Mara ya tatu alizima jenereta na kunitafutia kiti, kwa sababu nilikuwa nimeshika ukuta.

Niliporudi dukani na ile kadi kwenye simu, nilimwekea Mama sikioni bila kumwambia neno. Mama hakulia. Alisikiliza kama mtu anayesikiliza mvua inatokea wapi. Wimbo ulipokatika alisema, "Malizia."

"Kanda iliishia pale, Mama. Ulikuwepo."

"Nilikuwako. Njo maana najua haikuisha."

Baada ya hapo niliusikia wimbo kila mahali. Ulikuwa umezunguka barabara nzima kabla yetu, sijui miaka mingapi, na mimi nilikuwa nimeziba masikio kwa sababu ya kiburi cha majina. Watoto waliuimba. Wanawake wa kanisa walikuwa wameuingiza katika korali yao, na waliuimba kama ulivyo kwenye kadi: beti mbili, wanashuka, wananyamaza, halafu sauti ya kwanza wote kwa pamoja wanavuta pumzi, hhh, na wimbo umeisha. Ile pumzi nayo walijifunza. Walidhani ni sehemu ya wimbo. Mara ya kwanza nilipowasikia sikujua nicheke au nitoke nje. Wavuvi wa wimbo wa Mubi walikuwa hawajafika nchi kavu hata siku moja. Walikuwa bado majini na wavu uliojaa, na mtu aliyesimama ufukweni hawajamjua ni nani.

Beti ya tatu haikuwa mahali pengine popote isipokuwa masikioni mwangu. Nililijua hilo vizuri. Na Mama alilijua. Kila siku alitaka Pisti Saba, na kila siku ilipofika pale alisema neno lile lile, malizia, kwa upole, jinsi unavyomwambia mtoto amalize chakula.

Siku moja nilimalizia. Niliimba sehemu yangu, sauti ya pili, asubuhi, asubuhi. Mama alitikisa kichwa. "Hiyo iko yako. Yako naijua, nalala nayo nyumba moja. Nataka ya mukubwa yako."

Sikuweza, na nitasema kwa nini. Si kwamba koo langu halifiki juu, ingawa kweli halifiki. Niliogopa. Nilikuwa nimeibeba sauti ya yaya tangu Masisi bila kuigusa. Nikiipitisha kwenye koo langu itatoka imepinda, na masikio yataamini koo. Kilichokuwa kimesalia cha dada yangu ni mistari minne, nami nilikuwa naichunga kama makaa ya kuwashia moto wa kesho.

Papa wa duka alikuwa na binti, msichana wa miaka ya kumaliza shule, mwenye sauti safi kupita kiasi. Alikuwa anatusikia siku zote, mimi na Mama na malizia yetu. Akaniambia, akiniita shangazi kwa Kifaransa, "Tantine, imba yako. Mimi nitatafuta ya juu."

"Ng'o," nikamwambia. "Ya juu haitafutwi. Iko na mwenyewe."

Hakukasirika, na hilo ndilo liliniudhi zaidi.

Kisha Mama akaacha kula. Hakuwa na ugonjwa wa kutaja, alikuwa tu amemaliza. Nilimpikia uji akaurudisha, nikampikia ndizi akazirudisha. Kila saa aliomba simu. Malizia. Siku moja alilisema huku ameshika kitambaa changu kiunoni, na vidole havikuwa na uzito wowote. Lisilobudi hutendwa. Nikamwita yule binti, nikamfungia mteja mlango, nikamwambia, "Maneno ni haya. Sauti ya pili ni hii. Jaribu."

Niliimba mara ya kwanza, yeye akanisikiliza macho yakiwa kwenye mabati ya paa. Mara ya pili aliingia.

Ilikuwa nzuri. Ningependa kusema ilikuwa mbaya, ingenirahisishia mengi. Alianza juu kabisa, pale pale yaya alipoanzia, nikasema moyoni, loo, amempata. Halafu kwenye lile njoni la pili, yaya alipanda. Nilikuwa na hakika kwamba alipanda, ndipo alipokuwa akinivuta nywele. Huyu alishuka. Alishuka polepole, hatua kwa hatua, mtu anayeshuka kilima na mzigo kichwani, mpaka akatukuta sisi wa pili kwenye noti yetu, akakaa nasi. Nikainua mkono nimsimamishe, nimwambie si hivyo.

Nikamwona Mama. Amefumba macho. Mkono wake ulikuwa unapiga wimbo juu ya goti.

"Njo yeye," alisema. "Njo mutoto wangu."

Nikaushusha mkono.

Alitaka tena. Tukaimba tena, na tena, wateja wakagonga mlango, wakaacha kugonga, wakasimama kusikiliza. Mama alifungua macho akamtazama yule binti, kisha akanitazama mimi, na akili yake ilikuwa sawasawa kabisa, asije mtu akasema alikuwa anaweweseka. "Wamefika sasa," alisema. Aliomba ugali wa fufu na sambaza, akala, akalamba vidole.

Alituacha mvua zilipoanza. Wanawake wa korali walikuja kumwimbia, na waliimba beti zote tatu, kwa sababu yule binti alikuwa ameshawafundisha. Nilisimama nao kwenye sauti ya pili. Walipofika ile pumzi hawakukata, waliendelea, na kule juu mtu aliwaita wavuvi waje wale. Watu waliokuwa wakipita njiani walisimama. Hawakuwahi kuusikia wimbo huo ukivuka pale.

Leo barabara nzima inauimba hivyo. Jina halikubadilika, bado ni Pisti Saba, na mimi nimeacha kugombana. Wavuvi wanafika, moto upo, chakula kipo. Ni jambo zuri, nalisema wazi.

Lakini mimi nimempoteza yaya. Ilitokea kimya kimya. Siku chache baada ya matanga nilikaa kumkumbuka kama nilivyozoea: beseni la maharage, mikono yake mizuri iliyolowa, shingo inainuka. Kinywa kikafunguka, na kilichotoka kilikuwa kile alichoimba binti wa Papa. Kinashuka. Nikaanza upya. Kikashuka tena. Nilikwenda hadi kijitoni na maharage, nikayaosha kama alivyoyaosha, nikangoja. Kikashuka. Siku hizi sina hata hakika kwamba alipanda. Najua nilivutwa nywele, hilo najua.

Niliwahi kukutana sokoni na mtu wa korali yetu ya zamani, mzee sasa, aliyetorokea msituni kama sisi. Nilimkamata mkono nikamwambia aniimbie beti ya tatu. Aliimba papo hapo, kati ya mihogo, macho yamejaa machozi. Aliimba sauti ya nne. Hiyo ndiyo aliyofundishwa. Dirijan hajulikani alipo, na wenzake yaya wa pale kwenye gurudumu walitawanyika, nikiuliza naambiwa huyu kambini, yule amekufa, huyu hatujui.

Yule binti simchukii. Nilijaribu, nikashindwa. Ameolewa, ana watoto, bado ananiita Tantine, na ananiletea ndizi. Siku moja aliniuliza kama alikuwa ameipata sawasawa. Nikamjibu kwamba Mama aliikubali, na Mama ndiye aliyemzaa yaya.

Kadi ninayo. Nimeibadilishia simu zaidi ya mara moja. Nikiwa peke yangu, duka limefungwa, naweka Pisti Saba. Tunaimba beti ya kwanza, tunaimba ya pili, najisikia na mimi mle ndani, msichana mwembamba mwenye haraka. Tunashuka. Tunanyamaza. Yaya anavuta pumzi, na mle ndani ya pumzi yake wimbo bado haujapanda wala haujashuka, bado ni yeye mwenyewe anayejua atakwenda wapi. Nazima hapo, upesi, kabla masikio yangu hayajaendelea yenyewe.